Namba ya Mama

Toronto, Januari

Kaka Nadim,

Ya Ali Madad. Theluji haijakatika, na Mama bado anakataa kuvaa buti.

Ile fomu ya kuiombea amana ya familia namba mpya ya mlipakodi, wewe ukiwa msimamizi pekee, sitaisaini, na usinipigie simu kunibembeleza. Nyumba aliiweka Mama kwenye amana hiyo ili msimamizi aishike kisheria kwa niaba yake, na anaweza kuivunja amana yenyewe siku yoyote. Maadamu yu hai, mapato ya nyumba yanaripotiwa kwa namba yake mwenyewe.

Unasema amesahau kila kitu. Nilimsomea fomu yako akinywa chai. Akaomba kalamu, akaandika tarakimu zake zote tisa bila kuangalia popote, kisha akauliza amana inavunjwaje.

Jumatatu tunakwenda kwa wakili. Buti ameshaziweka mlangoni.

Mdogo wako,
Arzina