Helmeti laini kuliko zote

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua ilianza hapa Rwamishenye kabla hatujaamka, na mpaka sasa, saa nane mchana, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Naandika haraka, nina safari.



Asubuhi nilikuwa mtu mwenye raha. Nilikuwa nimeandika hapa Alhamisi jinsi mimi na Kemilembe tulivyoanguka na pikipiki, na wasomaji kadhaa wakaniuliza wanunue helmeti ya aina gani. Nikasema leo mvua imenifungia ndani, basi nizipange mezani zote tatu tulizonazo nizishindanishe. Ipi inakaa vizuri kichwani, ipi ina kioo kisichofunguka ovyo, ipi itakusaidia ukianguka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: kazi yangu ni kukagua mibuni ya watu, kibanja baada ya kibanja, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Mke wangu Kemilembe ni muuguzi kwenye zahanati moja ya Kagoma, upande wa Muleba, na siku nyingi mimi ndiye ninayempeleka. Jumatano tuliteleza kwenye mteremko wa udongo mwekundu karibu kabisa na zahanati. Mimi nilibaki na pikipiki. Yeye alirushwa ndani ya kibanja cha watu, kichwa kikitangulia. Aliinuka anacheka, anajipangusa. Helmeti yake nyeusi ilikuwa na mkwaruzo tu.

Nikaandika kwamba helmeti ile imemwokoa mke wangu. Niliandika kwa majigambo, kana kwamba niliiunda mimi.

Sasa nirudi mezani. Ya kwanza ni ile ya wazi, nyepesi, inayofanana na bakuli la uji. Haina kioo, na kifungo cha mkanda wake kilishakufa, mkanda unafungwa fundo. Nikaivaa, nikatikisa kichwa mara mbili, ikanizibia macho. Ya pili ni mpya, nimeinunua mjini wiki hii baada ya kuanguka. Inabana mashavu mpaka unaongea kama mtu mwenye jipu la jino. Ila kioo chake kikishuka kinalia "tak", na hata ukitikisa namna gani hakiinuki. Nilikaa nayo nusu saa huku nakunywa chai kwa shida, Kemilembe akinicheka.

Ya tatu ni ile nyeusi. Laini kama mto. Nilishaipa alama za juu kabla hata sijaivaa, maana mwaka jana nilipoona ilivyo laini ndipo nilipomwachia Kemilembe. Alisema ndiyo pekee isiyomuumiza nywele zikiwa zimesukwa.

Nikataka kuwa mkweli kwa wasomaji. Nikabonyeza ndani ya ile mpya kwa kidole gumba. Chini ya kitambaa kuna kitu kigumu, lile povu jeupe kama linalokuja kwenye boksi la televisheni. Muuzaji alinieleza kwamba ukianguka lenyewe ndilo linalopondeka badala ya kichwa chako. Nikabonyeza nyeusi. Kidole kikazama mpaka kikagonga ganda la nje.

Nikabonyeza juu, pembeni, nyuma. Kote hivyo hivyo.

Nikachukua wembe nikafumua kitambaa. Ushonaji nikaujua palepale, ile mishono midogo midogo iliyosogeleana. Ni mkono wa mama yangu, tunayemwita Ma. Ndani hamkuwa na povu. Kulikuwa na sponji ya godoro, imekatwa vizuri, imepangwa kwa upendo.

Nilikaa chini. Kumbukumbu ikaja yote kwa mpigo. Novemba, msimu wa senene, nilikuwa kwetu Rubafu. Alfajiri senene walikuwa wametua wengi kwenye majani, ndoo zote zimejaa, na Ma akachukua helmeti yangu. Aliisifu sana siku ile. Aliigeuza juu chini, akashusha kioo, akafunika juu na kanga, na hakutoka senene hata mmoja. Tulicheka, tukawakaanga, tukala. Baadaye ilinuka vibaya, akasema niiache ataiosha. Nilipoirudia ilikuwa safi na laini ajabu. Akaniambia amenitengenezea ndani vizuri. Nikamshukuru, nikaondoka.

Na lile povu jeupe, nimeliona.

Limekaa jikoni kwake karibu na mafiga, limelala kama bakuli, na kuku wake mwekundu anatagia humo. Nimewahi kuokota yai humo kwa mkono wangu. Nilimwambia Ma kuwa ni kiota kizuri.

Kwa hiyo kwa miezi yote hii nimekuwa nikimvalisha mke wangu ganda tupu na kipande cha godoro, nikijiona mume anayejali. Jumatano hakuokolewa na helmeti. Aliokolewa na nyasi ambazo mwenye kibanja, mtu nisiyemjua hata jina, alizitandika chini ya migomba yake. Angeangukia hatua mbili kulia, pale penye jiwe la mpaka, leo nisingekuwa naandika habari za vioo.

Nilimwonyesha Kemilembe. Yeye huona vichwa vilivyopasuka kazini kwake. Aliingiza kidole, akakitoa, akaenda kusimama mlangoni akitazama mvua. 

Halafu kuna ninyi. Alhamisi niliandika kwamba kama helmeti yako inakubana, umtafute mtu akupunguzie ndani akuwekee kitu laini, kama mama yangu alivyofanya. Naomba radhi. Ingiza kidole gumba sasa hivi, bonyeza kwa nguvu. Kikizama mpaka kwenye ganda, usiivae tena.

Nikampigia Ma. Nilijipanga kumwambia taratibu, maana mtu akikufanyia jambo kwa mapenzi ni vigumu kumwambia lingekuulia mkeo. Nikaulizia kwanza ile kazi ya helmeti. Akafurahi. Akasema watu wa Rubafu wameipenda, walipoona yangu wakamletea na zao. Ameshazishona nne, moja ni ya katekista, na moja ni ya yule kijana anayebeba watu mpaka mjini.



Nikamweleza, povu lile ni la nini. Alibisha kidogo. Alidhani ni vile vitu vya kiwandani vya kuzuia mzigo usivunjike njiani, na kwamba mimi ni mvivu tu niliyeshindwa kuvitoa. Ikabidi nimwambie nililomficha, kwamba Jumatano tulianguka.

Nikasikia mvua ya kwake ikipiga bati.

"Kemilembe alikuwa ameivaa ile?"

"Ndiyo, Ma."

"Waitu, jamani, mwanangu." Nikasikia akiburuta viatu. "Basi naenda kuzichukua."

Nikamwambia asubiri, kesho nitakuja tuwaone wote baada ya misa. Akasema yule kijana habebi watu baada ya misa tu, anabeba hata leo. Nikamwambia mvua. Simu ilikuwa imeshakatika, na sasa haipokelewi.

Mama yangu ana magoti mabovu, na muda huu yuko njiani kwenye tope, anagonga nyumba za watu aliowashonea kwa furaha, awaombe wamrudishie.

Namfuata. Koti la mvua nimeshavaa, namalizia mistari hii nimesimama. Kemilembe ameniletea ile mpya. Amenivalisha mwenyewe, akafunga mkanda chini ya kidevu, akauvuta mara mbili kuhakikisha, kisha akabaki ameushika.

Inabana sana mashavu. Sijamwambia.