Risiti Nyeusi za Shemeji

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne, na nimefurahi kusikia kwamba kifua kimepona na umerudi kazini. Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia goti lake, lakini kwa sauti kubwa kiasi kwamba wote tunajua ni mzima. Binti yako amekuwa wa pili darasani kwa hesabu, kipaji ambacho bila shaka amekitoa kwa mjomba wake, maana kwa baba yake hakipo.

Umeniuliza habari za mumeo na zile risiti. Umesema niandike ukweli wote, kisha wewe utaamua kama karakana ifungwe na ile mashine ya randa iuzwe, kwa kuwa uliinunua kwa jasho lako. Haya, nitaandika. Ujue tu kwamba nina miaka kumi na moja ya kuwafanyia hesabu wenye biashara ndogondogo, na huruma ilishaniisha zamani. Wananiletea risiti kwenye mfuko wa unga. Mwenye saluni anachota pesa za duka kulipia harusi ya mdogo wake, kisha ananiuliza mimi faida imekwenda wapi. Nikiwaambia wawe na daftari la mauzo na daftari la matumizi, na pesa ya nyumbani isilale na ya biashara, wanaitikia kwa kichwa, eti wameelewa. Wapi!

Lakini mumeo kawapiku wote. Ni seremala mzuri, hilo sikatai. Ila hesabu zake alikuwa akiziandika ukutani kwa penseli, na siku alipoamua kupaka karakana rangi, mauzo ya mwezi mzima yakafunikwa. Nilipomgombeza alisema ukuta ulikuwa mchafu. Nikamwambia akili yake ndiyo ya kupakwa rangi. Alitabasamu tu, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Basi mwezi wa tatu ikaja barua kutoka ofisi ya kodi. Walitaka kuona risiti za manunuzi yake yote ya miaka mitatu, mbao, gundi, vanishi, misumari. Asipokuwa nazo, watachukulia kwamba kila alichouza ni faida tupu, na kodi itakayotoka hapo hawezi kuilipa hata akiuza mashine na yeye mwenyewe juu yake. Ajabu ni kwamba risiti alikuwa nazo, zote, amezitunga kwenye waya nyuma ya mlango. Tatizo lilikuwa kwamba maandishi yalikuwa yanafifia, kama ilivyo kawaida ya zile karatasi laini za mashine.

Unajua alifanya nini? Alizitia kwenye boksi, mia nne na ushee, akazipeleka duka la vifaa vya shule zikalaminishwe, yaani zifunikwe kwa plastiki. Aliliacha boksi, akarudi jioni kulichukua. Karatasi zile, Dada, huandikwa kwa joto, si kwa wino, na zikipita kwenye mashine ya kubandika plastiki zinaiva zote. Akapewa mzigo wa plastiki safi, zimekatwa vizuri pembeni, na ndani yake kila risiti nyeusi tii.

Tulikwenda wote kwa afisa wa kodi, kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na uso uliopigwa pasi vilevile. Aliinua ya kwanza akaiangalia kwenye mwanga, akainua ya pili, halafu akauliza hivi ni vitu gani. Mumeo akamjibu kwa adabu zote kwamba hiyo ni misumari ya inchi tatu, na ile nyingine ni gundi. Watu wa kwenye foleni waliangua kicheko. Na mimi nilicheka. Afisa akauliza ni mjinga gani aliyemshauri azilaminishe. Mumeo akasema hakushauriwa na mtu, ni ujinga wake mwenyewe. Tukapewa siku thelathini za kuleta risiti zinazosomeka.

Sasa hapa ndipo nimekaa siku tatu nimeshika kalamu. Dada, aliyemshauri ni mimi.

Alikuja ofisini kwangu na lile boksi akauliza afanyeje risiti zisifutike. Nilikuwa na mteja mkubwa, mwenye duka la dawa, na niliona aibu shemeji yangu kusimama pale na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Sikuinua hata macho. Nilimwambia azilaminishe, aniondokee. Jibu sahihi ni kuzitoa fotokopi, na hilo nawaambia wateja wangu kila siku ya Mungu. Si kwamba sikulijua. Nilimdharau hata swali lake sikulisikia. Yeye akaenda akafanya nilivyosema, kwa sababu mimi ndiye msomi.

Jana nilikwenda karakana nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya afisa. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza, hakuacha. Alisema wateja wangu wangesikia, ningekosa kazi, na mke wake ana ndugu mmoja tu. Kisha akaniomba nimshikie meza upande wa pili. Nilishika, Dada, na machozi yakanitoka mbele yake kama mtoto.

Tangu siku ile ya afisa anazunguka kwa miguu kwenye maduka aliyonunua, akiomba nakala moja moja, na ameshapata zaidi ya nusu. Kesho asubuhi naenda kwa afisa na barua yenye jina langu na muhuri wangu, kueleza nani alimpoteza na kumwombea muda. Wateja wakinikimbia, wakimbie. Mashine usiuze. Na yale maneno uliyomwandikia mwezi uliopita ya kumwita mjinga, ambayo amenionyesha, nakuomba uyafute, maana aliyestahili kuambiwa ni mimi.

Mama anakusalimu, na binti yako anataka kujua utarudi lini. Mumeo naye anakusalimu, ameniambia nisisahau kuandika kwamba karakanani kazi zipo.

Ni mimi mdogo wako,
Mhasibu