Ngoma ya Mama Imeondoka Sebuleni

Jumamosi, Agosti. Upepo tangu asubuhi.

Vumbi la mtaa wetu wa Nzuguni leo halikuwa na adabu. Nimefagia sebule, nikafagia tena, na hata sasa ninapoandika nasikia mchanga ukisagika chini ya ndala zangu. Jua lilikuwepo lakini halikuwa na nguvu. Ni ule upepo mkavu wa baridi unaopasua midomo. Mama angesema huu ni upepo mzuri wa kupeta uwele, angetoka na ungo wake nje.

Mama hayupo. Alitutoka wakati wa mvua, shamba lake likiwa bado la kijani. Mpaka leo naandika "mama anasema", kisha narudi kufuta.

Leo wamekuja kuchukua ngoma yake.

Nieleze kidogo, maana wengi mnaosoma hapa si wa huku. Kwetu Ugogoni tuna ngoma ya muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Wanaibana ngoma katikati ya mapaja, wanaipiga kwa viganja, na humohumo wanaimba. Mama alikuwa kwenye kikundi cha kijiji chetu, njia ya Buigiri, tangu kabla sijazaliwa. Ngoma yake ndiyo iliyoanza. Wenzake walimtazama mkono, yeye akagonga, ndipo wote wakaingia.

Baada ya mazishi ndugu waligawana vitu vyake. Mimi niliomba ngoma. Nikaileta mjini, nikaiweka kati ya kochi na televisheni, nikaitandikia kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Ilipendeza. Wageni walikuwa wananiuliza, "Hii stuli umenunua wapi?"

Nilikuwa nacheka. Sasa sijui nilikuwa nacheka nini.

Asubuhi bajaji ilisimama nje wakashuka wanawake wawili. Mmoja ni Bibi Rabeka, rafiki wa mama tangu usichana wao. Mimi namwita mama mkubwa. Mwingine ni Mama Kulwa, mke wa binamu yangu Mika, kwa hiyo ni wifi yangu. Mama Kulwa ni Msukuma. Aliolewa kijijini kwetu akiwa hajui neno hata moja la Kigogo.

"Mbukwa, Penina."

"Mbukwa, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mjini hamli?"

Walikuja na karanga na mlenda mkavu kwenye mfuko. Nikaweka chai. Bibi Rabeka alikaa kwenye kochi akawa anazungusha macho, kona hadi kona.

"Ngoma iko wapi?"

"Hiyo hapo pembeni yako, mama mkubwa."

Akayatazama maua. Akainua ncha ya kitambaa kwa vidole viwili.

"Umeivisha gauni?"

Mama Kulwa alicheka mpaka akajifunika khanga usoni. "Mama, huku ni makao makuu," akasema. "Hata ngoma lazima ivae."

Kisha wakasema kilichowaleta. Jumamosi ijayo anaolewa mjukuu wa Bibi Rabeka, na kikundi kitapiga. Tangu mama aondoke wamejaribu kuanza na ngoma nyingine, haiendi. Kila mtu anaingia kwa wakati wake. "Tunaitaka ya mama yako," Bibi Rabeka alisema. "Atapiga huyu."

Huyu, yaani Mama Kulwa.

Niandike ukweli, maana hapa ndipo mahali pangu pa kuuandika. Moyo wangu ulikataa.  Mimi ndiye niliyezaliwa na mama. Huyu amezaliwa kanda ya ziwa huko, na hata Kigogo chake mpaka leo kina Kisukuma ndani. Iweje akae yeye mahali pa mama?

Lakini ningekaa mimi? Sijawahi kupiga hata siku moja.

Nilisoma mkoa mwingine, kwa shangazi. Siku wenzangu darasani walipojua mimi ni Mgogo, wengine walianza kuninyooshea kiganja, kama mtu anayeomba barabarani, maana Wagogo tulisemwa kuwa ombaomba. Ulikuwa utani wa watoto. Nadhani walishausahau siku ileile. Mimi nikajifunza kujibu, "Natoka Dodoma," kana kwamba Dodoma ni kabila. Likizo nilirudi kijijini nikiongea na kila mtu kwa Kiswahili. Mama hakunigombeza. Alianza kuniongelesha Kiswahili na yeye, polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

Siku hizi mambo yamegeuka. Serikali imehamia huku Dodoma, mtaa wetu una watu wa kila mkoa, na hakuna anayenicheka. Tena wananisifia. Kwenye sherehe za maofisini zinaalikwa ngoma za Kigogo, na majirani zangu wananiuliza maana ya nyimbo. Najibu kijuujuu, kisha naingia jikoni.

Nikamwambia Bibi Rabeka, "Mama mkubwa, mimi sina kingine cha mama. Ni hii tu."

Hakubishana. Alisema, "Najua. Haya, igonge tuisikie."

Nikaondoa maua, nikaondoa kitambaa, nikagonga. Ilitoa sauti kama ndoo iliyofunikwa blanketi.

Bibi Rabeka akaipapasa ngozi.

"Unaifanyaje?" akauliza.

"Naipangusa kila asubuhi, mama mkubwa. Kwa kitambaa kibichi. Vumbi la huku unaliona mwenyewe."

"Unaiogesha!" Akamgeukia Mama Kulwa. "Mtoto wa watu anaogeshwa kila siku asubuhi na upepo huu. Ndiyo maana ana homa."

Nilicheka na wao, lakini machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa naitunza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yangu, naipangusa ngozi ile taratibu kama uso wa mtu. Kumbe nilikuwa nailegeza.

Tukaitoa uani. Mama Kulwa aliwasha majani makavu na magunzi, moto mdogo tu, akawa anaigeuza ngozi kwa mbali, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaigeuza tena. Jirani yangu alichungulia ukutani, akarudi ndani, akatoka na kiti. Ilipokaa sawa, wifi alijifunga khanga vizuri, akaibana ngoma, akaanza.

Akaanza kwa mkono wa kushoto.

Hapo nikakumbuka maneno ya kijijini. Wanawake walikuwa wanamcheka kwamba anapiga kinyume, na si mtu wa kushoto, hata jembe analishika kwa kulia. Bibi Rabeka ndiye aliyenieleza sababu leo. Mama Kulwa alipoolewa, yeye na mama hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, na Kigogo cha yule hakikuwepo kabisa. Basi mama alimkalisha mbele yake, uso kwa uso, akamwambia neno moja, "Fuata." Akafuata kama anavyojitazama kwenye kioo. Mkono wa kulia wa mama ulipogonga, wa kwake uliokuwa upande huohuo ulikuwa wa kushoto. Wenzao walitaka kumrekebisha. Mama akawakatalia.

"Alisemaje?" nikauliza.

"Alisema, 'Mwacheni. Ananitazama mimi.'"

Wifi alikuwa bado anapiga. Nilikuwa nasikiliza. Mama alikuwa na kitu chake kidogo, kabla ya pigo la mwisho alikuwa anachelewa, nusu ya pumzi, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha hodi. Nilikisikia kitu hicho utotoni nikiwa nimelala mgongoni kwake, kabla sijajua kwamba kuna kabila na kabila. Leo kimetokea uani kwangu, kwenye viganja vya Msukuma. Bibi Rabeka alivuta khanga akafunika macho.

Na mimi nilimtazama wifi yangu, na moyo wangu haukukataa tena. Miaka yote ile mimi nilikuwa nakataa kumtazama mama mkono. Huyu alikuwa anautazama.

Mama Kulwa aliinua uso. "Wifi, usisimame kama mgeni rasmi. Leta ndoo."

"Ya nini?"

"Leta tu."

Nikaleta ndoo ya maji, nikayamwaga kwenye mchicha, nikaipindua, nikakaa mbele yake nikaibana.

"Fuata," akasema.

Nilifuata vibaya. Nilipotea, nikarudi, nikapotea tena. Jirani alikuwa anacheka waziwazi. Kisha mahali fulani viganja vyangu vikaacha kuniuliza, vikaenda vyenyewe. Wifi akasimamisha mikono ghafla.

"Mama, njoo umwone," alimwita Bibi Rabeka. "Angalia mkono wake."

Nikauangalia na mimi. Ulikuwa umeanza wa kulia.

Yeye alimtazama mama, mkono ukageuka. Mimi nikamtazama yeye, ukageuka tena. Ukawa umerudi palepale, upande wa mama.

Bibi Rabeka alikuja akasimama juu yangu. Nilidhani atasema jambo kubwa. Alisema, "Jumamosi uje. Na ndoo yako."

Ngoma nimeitoa mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Nilitaka kuifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi la njiani, Bibi Rabeka akanirudishia. "Gauni baki nalo wewe." Mama Kulwa aliipakata kama mtoto aliyetoka hospitali. Nilimwambia, "Wifi, asiogeshwe," naye akasema, "Wewe ndiye wa kuambiwa."

Sasa ni jioni. Pale ngoma ilipokuwa pana duara jeusi sakafuni, na maua yamekaa chini kama hayajui yaende wapi. Nyumba ni tupu zaidi kuliko jana, siwezi kusema uongo. Nilikuwa na kitu cha mama, sasa sina.

Ila mchana wa leo mtu angeniuliza wewe ni mtu wa wapi, sidhani kama ningesema Dodoma tu. Ningesema nini? Mgogo ninayefundishwa Ugogo na Msukuma, kwenye ndoo ya plastiki, jirani akiwa amekaa kwenye kiti chake anatazama. Ni jibu refu. Labda ndilo langu.

Jumamosi nitaamka mapema nipande gari la Chamwino linalopita kijijini kwetu. Sitapiga mbele za watu, bado. Nitakaa tu mahali ambapo naweza kumwona wifi mkono.

Viganja vinawaka. Mafuta ya mgando yapo hapa mezani, lakini leo nimeviacha hivyohivyo.