Kifua Changu Kimeota Matiti, Nimeacha Dawa za Moyo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia, mimi ni mkulima wa ngano hapa Saskatchewan, Kanada, nina miaka hamsini na tisa, mwaka jana moyo ulinisumbua nikaandikiwa vidonge vya kupunguza maji mwilini, nikapata nafuu kabisa, lakini kufika Novemba chuchu zikaanza kuniuma, nyuma yake pakawa na kitu kigumu kama kitufe, kisha kifua kikainuka pande zote mbili, nikadhani ni unene, nikapunguza kula, wapi, na Jumamosi moja tukibadilisha nguo baada ya kucheza mpira wa magongo kwenye barafu, rafiki yangu Garnet akapaza sauti, “Orest, hata shangazi yangu hana hayo! Tukuchangie sidiria?” wakacheka wote, nami nikacheka, na sijarudi tena. Nikasoma mahali kwamba ni vidonge, nikaviacha kimyakimya tangu Januari, mke wangu Lesia ananiwekea kidonge kando ya chai, nakitema kwenye theluji nikienda kuwasha gari. Nalala na fulana, simwachi aniguse, juzi ameniuliza, “Ni nani huyo mwanamke?” Sasa viatu havinienei na nikilala chali pumzi inakatika. Je, nageuka mwanamke?

Orest W.

Orest, barua yako haikuweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile kwa namba uliyoandika. Ulihema kila baada ya neno. Nikasema, “Mpe mkeo simu.” Ukanijibu, “Hajui kitu.” Nikakwambia basi ajue sasa hivi, kisha akupeleke hospitali. Ulikasirika, lakini ulimpa.

Kwa ruhusa yako, wengine nao wasikie. Hugeuki mwanamke. Kila mwanaume ana homoni za kiume na kidogo za kike. Dawa yako ilizuia zile za kiume, za kike zikapata nafasi, na tezi za kifuani zikaota. Ini bovu, pombe nyingi au uvimbe kwenye korodani huweza kuleta hali hiyohiyo, kwa hiyo ni kazi ya daktari kupima, si yako kubahatisha. Ulipoacha vidonge maji yakarudi, ukawa unazama kwa maji ya mwili wako mwenyewe kwa sababu ya utani wa chumba cha kubadilishia nguo! Nakuonea huruma kwa aibu ile. Kwa kumdanganya Lesia kila asubuhi, sikuonei.

Ulilazwa siku nne, maji yametolewa, korodani na ini ni salama, umepewa dawa nyingine isiyogusa homoni hizo. Maumivu yatapungua, uvimbe huenda usiishe wote, na upasuaji upo ukiutaka. Lesia aliniambia, “Nimelia miezi miwili juu ya mwanamke ambaye hayupo.” Kwa hilo unapaswa kumwomba msamaha.

Alhamisi unarudi kwa daktari. Nenda na Lesia, mwingie pamoja chumbani mwa daktari, na akiuliza lolote, jibu wewe mwenyewe, kwa sauti.