Nani Alimutuma Chef?

Likasi, siku ya ine, mangaribi.

Juba ya leo iko kali, mvula inakatala kunyesha, na moshi ya usine, kiwanda ya kampuni, inashuka mpaka mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba, inakwaruza mu koo. Nilirudi na kamioni ya samaki, nanuka samaki, na sijakula. Bukari ya unga iko kwa meza. Minye natembea-tembea tu mu nyumba. Baba anasema: "Ikala, mutoto. Unafanya kazi bila mushahara, na unachoka kupita minye wa mu usine."

Anachekaka vile kila siku. Leo sikucheka.

Asubui nilikuwa na furaha mingi. Shiye ba association ya paroisse, ya kanisa yetu, kazi yetu ni kupeleka pompi ya mayi mu bijiji bya kando ya ziwa, lac Tshangalele. Kule waya ya umeme ya bwawa ya Mwadingusha inapita juu ya nyumba za batu, inakuya kulisha mashini ya huku, na bo benyewe banakunywa mayi ya lac. Batoto banakojoa damu. Huku mu kambi ya usine kampuni inatupa robinet ya mayi, hatuifikirie hata. Sheria yetu iko moja: batu ba kijiji banachimba kisima bo benyewe, kwa roho yabo, kisha shiye tunaleta pompi. Yaya Mwepu, mukubwa wetu, anakamata ile sheria sana. Mwaka ya kupita alirudisha mabati yote Likasi, kamioni muzima, juu chef moja alilazimisha batu kujenga nyumba ya masomo yenye ile mabati ingefunika.

Bon. Nilifika, nikakuta kisima inaisha. Na mawe ndani, yenye kupangwa muzuri. Mara ya mwisho ilikuwa tu kashimo ka kufika mu magoti. Niliruka kama mutoto. Nikasema mu roho: unaona, mafundisho yangu juu ya mayi safi ilibaingia. Nilianza hata kutunga maneno ya rapport.

Kisha nikaenda kwa Mama Kabwe, kwenye nalalaka nikiwa kule. Hakunipa kiti. Mikono yake yote ilikuwa malengelenge.

"Kisima ni muzuri, eh?" nikasema.

"Muzuri sana. Weye na chef wako munajua kazi."

"Chef wangu namna gani, mama?"

"Si ni weye ulimutuma?"

Njo akanielezea, anapasua samaki, haniangalie. Chef wa kijiji alipiga kengele, akasema kisima ni Salongo, kazi ya lazima, amri ya Leta, ya serikali. Mwenye hakuye, anaingia kasho, mu kifungo. Baba Kabwe, bwana yake, alikuwa ku lac juu nyavu yake ilikuwa mu mayi. Aliporudi bakamufunga. Yuko mu ile nyumba kadogo ya matofali nyuma ya lupango ya chef, anakohoa, na samaki yake inaoza.

"Banamupa chakula?"

"Nani? Leta? Minye njo napeleka. Nikitoka kuchimba kisima yako."

Kisima yako.

Nilienda kwa chef mbio, bila kufikiri, vile niko. Alivaa koti yake ya abakosti na médaille ya Parti, chama ya Leta, kwa kifua. Nilitaka kumwambia aibu yake yote. Mais kuongea mubaya juu ya Salongo ni kuongea mubaya juu ya Parti, na Parti iko na kasho kubwa kupita ile ya matofali. Baba angepoteza kazi juu yangu. Kisha uongo ikatoka yenyewe.

"Chef, bakubwa ba Likasi banakuya kesho na pompi. Banataka kuona baba ba nyumba zote kwa kisima. Moja akikosa, pompi inarudi."

Hakuuliza hata swali moja. Alisimama. "Ndiyo, citoyenne. Batakuwa pale bote."

Ile "ndiyo" njo inanitesa. Aliisema na ile sauti banajibiaka nayo Leta. Nilimupa amri, akapokea amri. Donc Mama Kabwe hakukosa sana kusema ni minye nilimutuma.

Sasa niko hapa, sijui kama mulango ya kasho ilifunguka ao hapana. Na kama chef atamutoa Baba Kabwe tu kesho asubui, amuvalishe shati, amusimamishe kwa kisima, na tukisha kwenda amurudishe? Ile sikuifikiri. Niliwaza mu kamioni, lac ilisha kupotea nyuma.

Yaya Mwepu hajui kitu, nilimwambia tu kisima iko tayari, tuende kesho. Alinipokea na kicheko: "Ulifanya muzuri, kadogo." Pompi iko mu camionnette, yenye kufungwa na kamba. Nikimwambia leo, camionnette haitatoka. Namujua. Batoto batakunywa lac mwaka ingine, Baba Kabwe atabakia mu kasho, na chef ataandika ku zone, kwa bakubwa ba Leta, juu yangu. Nikinyamaza, mayi itatoka muzuri, tutapigwa foto, na kila mwanamuke mwenye kujaza ndoo atajua ni Leta ilimuchimbisha, na shiye tuko mukono ya Leta.

Minye nilijifunza Kifaransa peke yangu, mu magazeti ile bazungu ba kampuni balikuwa banatupa. Banaandika mingi juu ya développement. Hakuna mahali banaandika unafanya nini na bwana ya mutu mu kasho.

Baba anasema bukari inapoa.

Nachagua hivi: kesho nitatafuta kwanza uso ya Baba Kabwe mu bale batu. Akiwa inje, nitamwambia Yaya Mwepu yote, pale pale, mbele ya Mama Kabwe, wakati pompi ingali chini. Yeye ataamua kama anaifunga ao anairudisha. Chef atasikia. Asikie.

Kama hayuko inje, sijui.

Najua tu Mama Kabwe ataniuliza tena nani alimutuma chef, na sitaki nimujibu wakati ndoo yake inasha kujaa.