Bihogo Amerudi kwa Mwenyewe

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Ihembe. Mvua imeanza saa tisa mchana na bado haijachoka. Migomba inadondosha maji, na miguu yangu imejaa malengelenge.

Nina furaha. Niandike hilo kwanza kabla sijaanza kulalamika, maana najijua.

Leo mimi na Mama tumemswaga ng'ombe wetu kwa miguu mpaka Kayanga, tukamrudishe kwa aliyetupa. Ndiyo, kumrudisha. Umesoma vizuri.

Mapema mwezi huu pikapu ilisimama kwenye njia ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Akashuka bwana mmoja, viatu safi mpaka nikamwonea huruma kwa tope letu. Nitamwita Bwana Deo. Majina yote humu nimebadilisha. Alisema ni mtu wa Bukoba, ana nyumba Kayanga, na shughuli zake za Dar zimemkutanisha na kaka yangu Projest, ambaye ni ofisa jeshini. Amesikia mama yake Projest zizi lake ni tupu. Akateremsha ng'ombe wa maziwa, rangi ya udongo mwekundu, amenenepa, mpole kama bibi harusi.

Mama alipiga vigelegele. Akamwita Bihogo kwa ile rangi yake, akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, akamkaribisha mgeni. Wakatafuna pamoja. Kwetu mtu akikuletea ng'ombe humuulizi kwa nini. Ameshakuwa ndugu.

Mimi nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia: "Kaka, rafiki yako ametufuta machozi."

Projest akapiga simu papo hapo. Salamu hakuna. Aliuliza kama Mama ameshakamua.

Ameshakamua, nikasema, na mimi nimeshakunywa.

Akanieleza kwa kifupi. Jeshi linataka kununua makombora ya kupiga vifaru, yale ambayo askari anaweka begani. Fedha zake zimesubiriwa bajeti baada ya bajeti, na zikishatumika hazirudi. Kitakachonunuliwa ndicho vijana watakachokaa nacho miaka na miaka. Yeye ni mmoja wa wanaoyajaribu na kusema lipi linafaa. Na Bwana Deo ni wakala wa kampuni mojawapo inayotaka kuuza.

Jamani! Nikaweka kikombe chini.

Projest alikuwa ameamua kuwaambia wakubwa wake siku ileile, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Kama wangeona ameuza neno lake, kazi ingekwisha, na jina pia. Akasema atatafuta gari lije kumchukua ng'ombe.

Hapa nakiri. Nilimwambia Mama yote, kisha nikasihi tukae kimya na ng'ombe tubaki naye. Zizi letu lina miaka halijanusa samadi, migomba inatoa mikungu midogo ya kuaibisha, na huyu ng'ombe hajui hata kombora ni nini. Tena nikaongeza, kwa hasira, kwamba bei ya kombora moja pengine ingenipa madarasa na madawati, mimi ninayefundisha watoto wanaokaa sakafuni. Hilo la madawati bado nalisema. Lile la kukaa kimya nimelimeza.

Mama hakunigombeza. Kesho yake alishinda akichambua maharage. Kurudisha ng'ombe si jambo dogo huku. Ni kumwambia mtu mbele ya ulimwengu kwamba umemkataa, na uadui wa namna hiyo unarithiwa. Mama alishatafuna kahawa na yule bwana. Alikuwa amebanwa kweli.

Jioni akasema hivi. Alikuwa msichana wakati wa vita vya Amin. Anakumbuka watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto, wamejitwisha mikeka na watoto, wakisimulia juu ya vifaru. Siku zile kila nyumba ilitoa ndizi kwa ajili ya askari, na hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Sasa leo yeye apewe maziwa, halafu mtoto wa mtu aende kusimama mbele ya kifaru na kitu kisicholipuka?

"Gari lisije," akasema. "Nilimpokea mimi, nitampeleka mimi."

Tukasubiri Jumamosi, siku nisiyofundisha, na leo alfajiri tukatoka. Mama mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo, na kikapu cha kahawa kimefungwa kwa jani la mgomba. Kila tuliyepishana naye aliuliza kama tunakwenda kuuza. Bodaboda walitucheka. Bihogo alisimama kula majani ya watu, na mimi nikawa naomba radhi njia nzima kama mwendawazimu.

Bwana Deo alikuwa uani kwake na majirani wawili. Alipotuona uso ulimshuka. "Shikamoo, mama," akasema, na Mama akaitikia "Marahaba, mwanangu," akaifungua kamba, maana kamba ni ya kwetu, kisha akapiga magoti kwa heshima na kumnyooshea kikapu.

"Ng'ombe wako hana kosa, na asante yangu iko palepale," akamwambia. "Lakini Projest anawachagulia watoto wa watu silaha, nataka achague tumbo langu likiwa halina maziwa yako. Tafuna kahawa, mwanangu, tusiachane vibaya."

Angekataa ile kahawa, ndiyo ugomvi. Lakini nani huku anakataa kahawa ya mama aliyetembea nayo tangu alfajiri, tena majirani wanatazama? Alisimama, akaangalia viatu vyake. Akachukua punje, akatafuna. Akachukua tena. Mama naye akatafuna.

Yamekwisha. Hatukupata uadui.

Tumerudi kwa bodaboda, mvua ikatukuta njiani. Projest amepiga jioni hii. Wakubwa wake wamemwacha aendelee na kazi, lakini hilo alilisema harakaharaka. Alichotaka kujua ni kimoja tu: yule bwana alichukua kahawa?

Alichukua, nikasema.

Nikasikia kaka yangu, mtu mzima mwenye nyota mabegani, analia. Nikampa Mama simu.

Mungu wangu, asante kwa mama huyu. Asante hata kwa malengelenge. Kamba nimeitundika jikoni inakauka, na ninakunywa chai ya rangi. Mama ameitia tangawizi nyingi, akaniuliza kama maziwa nimeyakumbuka.

Nimesema hapana. Amecheka, kwa sababu anajua nadanganya.