Namba Sita

Dada yangu,

Wanachama wote wanakusalimu. Mwishoni mwa wiki klabu yetu ilikwenda kutembelea kiwanda cha mvinyo, tukapiga kambi kando ya shamba la mizabibu. Mwenyekiti alionja glasi mbili tu, akaanza kuyahutubia mapipa. Hema langu lilivuja, nikaamka nimelowa chapachapa.

Ule utaratibu wako wa kuhesabiana bado tunao: kila mtu anataja namba yake kabla hatujaondoka mahali popote. Tangu uende ng'ambo kikazi, namba sita hatujampa mtu. Fundi cherehani akisema tano, mimi nasema saba.

Kule ghalani, chini ya ardhi, mwenyeji wetu alizima taa ili tusikie mvinyo unavyochacha ndani ya mapipa. Tukahesabiana gizani. Fundi akasema tano. Kisha nikasikia "sita", taratibu, na kile kikohozi chako kidogo mwishoni. Nami nikadakia "saba" kwa mazoea. Taa ilipowaka, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Simu yako inaita tu, haipokelewi. Labda kazi zimekubana.

Lakini kuna jambo linaninyima raha. Kesho yake mchana, basi likitaka kuondoka, tulihesabiana tena. Baada ya tano tulinyamaza wote, tukangoja. Tulingoja sana. Kimya. Dereva akawasha gari, tukaondoka.

Dada, tumekuacha kule?

Mdogo wako,
Namba Saba